Jinsi ya Kuchagua kati ya Chevelle na 'Cuda Bila Kuuziwa Mbuzi kwenye Gunia

Kwanza, zima injini. Najua ni vigumu. Chevrolet Chevelle SS 454 ya mwaka 1970 ikinguruma mbele yako, au Plymouth Hemi 'Cuda ya mwaka huohuo, mkono hukimbilia pochi wenyewe. Ndiyo maana nasema zima. Aliyelewa mngurumo hakagui gari.

Sasa chukua sumaku, tochi na shemeji yako asiyeamini kitu. Sumaku ipitishe kwenye bodi, hasa nyuma ya magurudumu. Isiponata, bati limeliwa na kutu na unachokitamani ni puti iliyopakwa rangi. Kazi ya shemeji ni kukushika mkono bei ikitajwa.

Msibishane juu ya nguvu. Injini ya LS6 ya Chevelle, inchi za ujazo 454, ilitangazwa kuwa na nguvu ya farasi 450. Hemi, inchi 426 na kabureta mbili, farasi 425. Zote zitakumalizia matairi. Mkusanyaji hununua ushahidi kwamba gari lilizaliwa hivyo kiwandani.

Na hapo ndipo haya mawili yanapoachana njia. Plymouth hujitaja yenyewe. Chungulia kioo cha mbele, upande wa dereva, usome namba ya chasisi: alama ya tano ikiwa herufi R, gari lilitoka na Hemi. Kisha linganisha na kibati kilichofungwa chini ya boneti na namba iliyogongwa kwenye injini yenyewe. Chevelle ya 1970 ni bubu. Namba yake itakuambia ni Malibu ya silinda nane, basi. Kama ilikuwa SS, kama ilibeba LS6, haisemi, na mtu mwenye nembo mpya na mistari miwili ya rangi anaweza kukutengenezea ukoo mzima. Kwa hiyo lala chini ya gari, umulike juu ya tangi la mafuta. Karatasi ya kiwandani iliachwa huko mara nyingi. Ukiikuta, hata kama imetafunwa na panya, ibusu.

'Cuda zenye Hemi za 1970 ni chache mno: za paa la bati 652, za paa la turubai 14. Moja ya turubai, ya 1971, iliuzwa dola milioni 3.5 mnadani Seattle mwaka 2014. LS6 zilipita elfu nne.

Mimi ningechukua Chevelle yenye karatasi yake. General Motors ilizuia kwa miaka injini zinazozidi inchi 400 kwenye magari ya ukubwa huu. Ikafungua mlango 1970, na LS6 ikauzwa ndani ya Chevelle mwaka huo mmoja tu. Gari la kupeleka watoto shule lilipewa moyo wa simba! Siwezi kulipita.

Karatasi ipo? Sumaku imenata? Haya, washa. Shemeji akae mbele.