Komba, Kunguru na Ghala la Konde

Ghala la Konde lilikuwa refu na mlango wake ulikuwa mmoja tu. Wanyama wote wa kaskazini ya Pemba waliweka humo karafuu zao zikishakauka majamvini: Fungo wa Makangale, Tumbili wa Msuka, Mzee Paa wa ukingoni mwa msitu wa Ngezi. Mtunza ghala alikuwa Komba, kwa sababu ana macho ya kuona gizani na miguu ya kuruka. Mlangoni, pembeni ya Kobe karani, lilining'inia daftari lenye kuonyesha gunia la nani limelazwa safu gani.

Mwanzo wa msimu kila mali ilikaa pamoja. Fungo alikuwa na magunia sita, yote safu ya tatu, yamefuatana. Akija mnunuzi kutoka Wete, Komba aliruka mara moja akaanza kushusha. Tabu iliingia magunia yalipoanza kuuzwa. Fungo aliuza mawili ya katikati, likabaki pengo. Mzee Paa akaleta matano. Komba hakuwa na pengo la matano, akalaza mawili kwenye nafasi ya Fungo, moja nyuma ya nguzo, mawili mwisho kabisa karibu na ukuta wa kusini. Yote akayaandika daftarini. Hakuna gunia lililopotea, na hili naomba lisisahaulike, maana wapo wanaodhani mali iliyotawanyika ni mali iliyoharibika.

Siku mnunuzi alipoutaka mzigo wa Mzee Paa, Komba alisoma daftari, akakimbia safu ya tatu, akatoka na mawili. Akarudi kusoma, akaenda nyuma ya nguzo. Akarudi tena kusoma. Vumbi la makonyo lilikuwa limemjaa puani, anapiga chafya huku anaruka, na mkia wake ulikuwa mwekundu kwa udongo wa Konde.

"Shikamoo, Mzee Paa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wahema hivyo?"

"Mzigo wako, mzee. Uko pande tatu."

Komba huyu yumo ndani ya kila kompyuta yenye diski ngumu ya kuzunguka. Ndani ya kile kisanduku cha chuma mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mwembamba unaokwenda na kurudi juu yake ukisoma kilichoandikwa. Kila mkono unapohama, na sahani ikazunguka mpaka sehemu inayotakiwa ifike chini yake, hupita milisekunde 10 hivi. Faili lililolala pamoja linataka safari moja. Likikatwa vipande 500 na kutawanywa, mkono unasafiri mara 500, na hizo ni sekunde 5 za kutangatanga, bado hujahesabu muda wa kusoma kwenyewe. Aliyekaa mbele ya kioo anaziona zote.

Mzee Paa ndiye aliyetoa rai ya kupanga ghala upya. Alikaa mlangoni asubuhi nzima, akaona kwamba Komba hachelewi kunyanyua, anachelewa njiani. Basi akaomba ghala lifungwe usiku mmoja, kila mwenye mali mali yake ikusanywe pamoja, na mapengo yote yasogezwe upande mmoja. Akatoa masharti mawili. Kwanza pawepo nafasi tupu ya kutosha, kwa sababu ghala lililojaa hadi mlangoni halipangiki: gunia litatoka vipi mahali pake ikiwa hapana pa kulishikiza? Sharti la pili lilihusu daftari. Mstari wa zamani usifutwe mpaka gunia limekwisha kukaa mahali papya.

Sharti hili la pili liliokoa msimu. Usiku wa manane upepo ulizima taa, Komba yuko katikati ya ghala na gunia la Tumbili begani. Hakujua tena alikuwa anakwenda wapi. Alipapasa hadi mlangoni, akasubiri kuche, akafungua daftari. Mstari wa zamani ulikuwepo. Akalirudisha gunia pale pale lilipotoka, akaanza upya.

Pemba inaijua taa ya namna hiyo. Kabla ya 2010, umeme ulipokuwa haujavuka chini ya bahari kutoka Tanga, kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli, na kompyuta kuzimika katikati ya kazi lilikuwa jambo la kawaida. Mpangilio wa kuhifadhi faili uitwao FAT, uliokuwa ndani ya Windows 95 na 98, haukuweka kumbukumbu ya kazi iliyokatika. Kompyuta ikizimika wakati mabadiliko yanaandikwa, faili liliweza kubaki halina mwenyewe. NTFS, unaotumika kwenye kompyuta nyingi za Windows leo, huandika kwanza unachokusudia kubadilisha kwenye daftari lake, na umeme ukirudi hujua pa kuanzia. Hata hivyo, mwenye diski inayogonga-gonga au inayokwama asithubutu kuipanga. Diski hiyo ni ghala lenye mbao zilizoliwa na mchwa, na kupitisha magunia yote juu yake kwa usiku mmoja ni kuzivunja. Nakili mali yako kwanza, uiweke pengine.

Kulipokucha, mzigo wa Mzee Paa ulitoka kwa mruko mmoja. Wanunuzi wakaondoka Konde jua halijapanda.

Juu ya boriti ya ghala alikuwepo Kunguru, ameona kila kitu. Aliona magunia yakihama, akaona furaha ya asubuhi. Siku ya pili alikuwa Micheweni anatangaza kwamba anayo dawa ya ghala zito. Siku ya tatu Wete, kisha Chake Chake, kisha Mkoani. Malipo yake yalikuwa pishi moja ya karafuu kwa kila ghala, na kila aliyelalamika alipewa dawa ileile: kupanga upya, kila wiki. Ghala lililopangwa juzi lilipangwa tena leo, ingawa hapakuwa na gunia lililotoka wala kuingia.

Sifa ya dawa hii haikuzuka bure, na mafundi wetu wa kompyuta, walioitoa kama Kunguru, hawakuwa waongo. Mwaka 1993 Microsoft iliweka programu ya difragi, yaani ya kuipanga diski upya, ndani ya MS-DOS 6, na kwa miaka kadhaa baadaye diski zilikuwa ndogo, zinajaa upesi, zinatawanyika upesi. Waliofanya kazi na Windows 98 wanakumbuka kukaa mbele ya kioo wakitazama miraba ya rangi ikihama mmoja mmoja, na programu nyingine ikiandika kwenye diski, kazi inaanza tena. Ilipomalizika, kompyuta ilikuwa nyepesi kweli. Waliona kwa macho yao wakaamini. Kilichofuata ndicho kinachoniuma: imani ile ilibebwa nzima hadi kwenye mashine zisizofanana na zile. Tangu Windows Vista ya 2007, mfumo wenyewe hupanga diski kwa ratiba bila kuombwa. Mzazi wa Wete anayemlipa fundi leo ili afanye difragi, mara nyingi analipia kazi ambayo kompyuta yake imekwisha kuifanya.

Kunguru alipofika Ngezi, alikuta ghala la aina nyingine. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani kokote duniani ila kisiwa hiki, hakuwa na mtunza ghala wala ujia wa kupita. Karafuu zilifungwa vifurushi vidogo kwa ukindu, kila popo akashika chake tawini. Ukiutaka mzigo wa Mzee Paa, ulisimama chini ya mti ukaita jina lake, na kila mwenye kifurushi chake alikiachia papo hapo. Wa tawi la juu na wa tawi la chini walisikia pamoja.

Kunguru akatazama juu akatikisa kichwa. "Jamani, vifurushi vya Mzee Paa viko kwenye matawi arobaini! Mnaishije hivi?"

"Tunaishi vizuri," akasema Popo mzee. "Hakuna anayechelewa."

"Mngewahi zaidi vikiwa tawi moja."

Popo ni wageni wa biashara, wakaona haya, wakakubali. Vifurushi vyote vikafunguliwa, vikahamishwa, vikafungwa tena. Asubuhi wakaita jina la Mzee Paa. Mzigo ukashuka kwa wepesi uleule wa jana. Kunguru akachukua pishi yake, akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Ukindu haufungwi na kufunguliwa milele. Ulianza kuchanika kwenye vifundo, kifurushi kimoja kikaanguka, karafuu zikamwagika kwenye matope, kisha kingine.

Mti huu wa popo ndio SSD iliyomo kwenye kompyuta nyingi mpya za mapajani. Haina sahani wala mkono. Kipande kilichoko huku na kilichoko kule hufikiwa kwa muda ule ule, chini sana ya milisekunde moja, kwa hiyo kuvikusanya hakuleti wepesi ambao mtu atauona. Chembe zake za kuhifadhia, kwa upande mwingine, huvumilia kuandikwa idadi maalumu tu, kwa aina nyingi za kawaida mara elfu chache, na kila kupanga ni kuandika. Ndiyo maana Windows 7, mwaka 2009, iliacha kuziwekea SSD ratiba ya difragi. Inachohitaji SSD ni kuambiwa kipande gani kimekwisha kufutwa ili ijue chembe gani iko huru, kama popo anavyoambiwa kwamba mzigo wake umeuzwa, aulegeze ukindu. Amri hiyo huitwa TRIM, na kompyuta za leo huituma zenyewe.

Baraza lilikutana chini ya mwembe wa Konde. Popo walileta ukindu uliokatika. Wenye ghala la Konde nao walikuwa na lao: mbona tumepanga kila wiki na wanunuzi wanalalamika tena?

Mzee Paa hakujibu. Aliomba wote waende kukaa mlangoni, wamtazame Komba. Walimwona analeta magunia ya Fungo kwa mruko mmoja, anamwekea Kobe karani. Jamvi la Kobe lilibeba magunia matatu. Gunia la nne lilipofika, Kobe alimwomba Komba arudishe la kwanza. Mnunuzi akataka kulipima la kwanza, likatolewa tena, likarudishwa la pili. Ghala lilikuwa limepangika safu kwa safu na Komba alikuwa hoi.

Jamvi la Kobe ndiyo RAM, mahali kompyuta inapoweka kile inachokifanyia kazi sasa hivi. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 2 iliyofunguliwa kurasa kumi za intaneti hufanya hivyo hivyo mchana kutwa: hutoa kitu, hukirudisha kwenye diski, hukitoa tena. Mwenye mashine husikia diski ikikwaruza akaisingizia diski. Difragi hata ya kila siku haitapanua jamvi.

"Ndugu yangu Kunguru," akasema Mzee Paa, "kabla ya kupanga, ulimuuliza Komba anachelewea wapi?"

Kunguru alisema hakuuliza. Baraza likaamua awarudishie Popo pishi zao zote, na Konde wasuke jamvi la magunia kumi na mbili. Hawakumkataza kazi, kwa sababu maghala yenye komba yalikuwa bado mengi Pemba na kazi yake humo ilikuwa ya halali.

Msimu uliofuata mkulima mmoja wa Micheweni alimfuata Kunguru na pishi mkononi, anataka ghala lake lipangwe upesi, wanunuzi wanamkimbia.

"Ghala lako lina komba au lina popo?" Kunguru akauliza.

"Lina komba."

"Mara ya mwisho lilipangwa lini?"

"Halijapangwa tangu lijengwe. Na limejaa hadi mlangoni."

"Basi pishi yako kaa nayo kwanza. Uza magunia ya zamani upate nafasi, halafu nionyeshe jamvi la karani wako. Nitakuja kukaa mlangoni, nitazame."