Mhadhara wa Bingwa wa Mashine Kuukuu za Boti

Waheshimiwa manahodha wa gati ya Lamu, kina mama mnaosubiri kuvuka kwenda Shela, na nyinyi watoto mlioning'iniza miguu ukutani: tulieni. Najua hamkuja kunisikiliza, mlikuja kupanda boti. Lakini boti haiwaki, na ilimu imewakuta papo hapo.

Mimi ndiye Daktari wa Mashine. Udaktari huo niliupata Mombasa, kwenye semina ambayo wenzangu walipewa vyeti na mimi nikapewa chakula cha mchana, kwa vile asubuhi yote niliitumia kumkosoa mwalimu mlangoni.

Tuanze na historia. Ole Evinrude, Mnorwe aliyelelewa Marekani, alibuni mashine ya kufunga nyuma ya mashua, na mwaka 1909 akaanza kuziuza kule Milwaukee. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia baada ya kupiga makasia juani akimpelekea mchumba wake aiskrimu, ikafika imeyeyuka. Na mimi nimewahi kumletea mke wangu aiskrimu kutoka Mokowe, tena kwa mashine. Ilifika siku ya pili.

Sasa mchanganyiko. Mashine hizi za zamani za mipigo miwili hunywa oili yao humo humo ndani ya petroli. Kitabu cha hii hapa kinasema 50 kwa 1, yaani lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili. Kitabu! Mimi hupima kwa jicho. Watu wa Shela wakiuona moshi tu, hunitaja kwa jina. Na plagi ikilowa oili ikawa nyeusi tititi, ni plagi isiyo na malezi.

Maji je? Mashine ikiwa nzima hukojoa kwa nyuma, dalili kwamba impela ya mpira kule chini inavuta maji ya kuipoza. Kijana mmoja wa Matondoni alinieleza kwamba mpira ule hukakamaa kwa umri na kuliwa na mchanga, na mkojo ukikatika nizime upesi. Nikamjibu kuwa mashine yangu ina haya mbele za watu. Wiki ile ile pistoni ikaganda, kwa sababu nyingine kabisa ambayo bado naitafiti.

Oili ya gia nayo niliimwaga siku moja, ikatoka rangi ya chai ya maziwa. Wasiosoma wakapiga kelele, ati sili zimechoka, bahari imeingia. Nikaionja. Ilikuwa na chumvi, jambo linalothibitisha nadharia yangu kwamba oili za siku hizi zinachakachuliwa.

Wako pia wanaosuuza mashine kwa maji ya kisima kila jioni ili kuondoa chumvi. Mashine zao haziharibiki. Basi watajifunza lini?

Turudi kwa mgonjwa wetu. Nahodha ameshabadilisha plagi, amesafisha kabureta, amelegeza kile kifuniko cha hewa cha tangi ambacho mimi nilikikaza nilipofika, maana hewa nyingi si nzuri. Amevuta kamba mpaka bega limemteguka. Mnaona alivyo na pupa? Unasemaje, mtoto? "Ami, hicho kikamba chekundu shingoni mwako umekitoa wapi?" Hiki? Nilikikuta kimechomekwa kwenye mashine, nikaona kinafaa kuwa nishani. Ati ni cha kuzimia, na klipu yake isipokuwa mahali pake mashine haiwaki? Haya, mpelekee nahodha akishike kidogo, shingo imenitoka jasho.

Ala! Mvuto mmoja tu! Mmeona, mabibi na mabwana? Mashine nayo ilikuwa inasikiliza mhadhara.

Nahodha, mbona unafungua kamba za gati? Bado sura ya kabureta! Kina mama, hiyo ni nauli, ada yangu je? Wananipungia. Watu wa Lamu wana adabu sana.

Basi nyinyi mliobaki ukutani, kesho alasiri tutafungua kabureta hapa hapa, jeti moja baada ya nyingine. Anayetaka kujifunza aje na mashine yake. Yangu iko kwa yule kijana wa Matondoni.