Breki Laini na Uhaba wa Miguu Uingereza

Barua hii inakusudia kueleza kwa utaratibu jinsi maradhi ya breki laini yanavyotibiwa Uingereza, nchi ambayo, sawa na Kenya, huendesha magari upande wa kushoto na kuweka usukani kulia, lakini ambayo imepungukiwa na kifaa kimoja cha karakana kilichojaa tele Eastlands, Nairobi.

Breki huitwa laini pale ambapo kanyagio, badala ya kushuka kidogo na kusimama imara, linadidimia chini ya mguu kama andazi la asubuhi, na gari linasimama baadaye, kwa hiari yake. Kisa chake kinatokana na kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba mgandamizo unaotiwa kwenye kioevu kilichofungiwa chomboni huenea sawasawa pande zote. Mguu wa dereva husukuma pistoni ndani ya masta silinda, yaani silinda kuu ya breki iliyo chini ya boneti, na mafuta ya breki huipeleka nguvu hiyo hadi magurudumuni. Kioevu hakibonyei ilhali hewa hubonyea, kwa hiyo kiputo kikishaingia bombani, jitihada zote za dereva huishia kukibana kiputo. Mafuta yenyewe, ambayo si jamaa wa petroli wala wa oili ya injini, yana tabia ya kunyonya unyevu hewani: yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzijoto 230 za Selsiasi, lakini yakishakunywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 155, na dereva anayeteremka kwenda Mai Mahiu huku amelalia breki anaweza kuyachemsha na kupata mvuke mahali alipotarajia kupata breki.

Uchunguzi haubadiliki kwa kuvuka bahari. Kanyagio likikanyagwa mara kadhaa mfululizo likawa gumu, hewa inashukiwa kwanza, au viatu vya breki vya nyuma vilivyolegea na kuhitaji kurekebishwa. Likishikiliwa kwa uthabiti na bado likazidi kuzama polepole, basi kuna mahali panapovuja, au raba za ndani ya masta silinda zimechoka na zinayaachia mafuta kurudi nyuma. Mabomba ya mpira yaliyozeeka nayo huvimba mguu unapokanyaga, jambo ambalo huonekana kwa macho, ilimradi awepo mtu wa kukanyaga wakati mwingine anatazama, na hapo ndipo matatizo ya ughaibuni yanapoanzia.

Kutoa hewa, ambayo ndiyo tiba ya kawaida, ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa kwenye kiti cha dereva. Mwingine hulala kando ya gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa magari mengi ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, isipokuwa kitabu cha gari kielekeze vingine. Fundi hupaza sauti, "Kanyaga! Shikilia!", kisha hulegeza skrubu ndogo ya kutolea hewa, mafuta yenye viputo hutoka kupitia mpira mwembamba hadi kwenye chupa ya soda, na ni lazima skrubu ikazwe kabla ya "Achilia!" kutamkwa, kwa kuwa anayeachilia mapema huivuta ndani hewa ile ile iliyokwisha kufukuzwa. Kule Kariobangi Light Industries, mguu huo hupatikana papo hapo: wa mwenye gari, wa makanga aliyekuja kuulizia spea, au wa mpita njia ambaye, juu ya kukanyaga, hutoa pia ushauri kuhusu injini bila kuombwa. Uingereza, jirani anayeombwa aingie katika gari la mwenzake na kukanyaga tu huuliza kwanza kuhusu bima.

Uhaba huo wa miguu ndio unaoeleza, kuliko maendeleo yoyote ya sayansi, kwa nini maduka ya huko yamejaa pampu za kufyonza hewa, mitungi ya kusukuma mafuta kwa shinikizo, na mipira yenye vali inayoruhusu mafuta kutoka bila kurudi, vyote vikiwa vimebuniwa ili mtu mmoja aweze kutengeneza breki bila kusema na binadamu mwingine. Asiyenunua vifaa hivyo huenda gereji, ambako hulipia saa za fundi, na saa hizo mara nyingi huzidi sana bei ya kopo la mafuta. Isitoshe, chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi ili kuyeyusha barafu hushikisha kutu kwenye skrubu, nayo hukatika chini ya spana, na kazi iliyokuwa ya kutoa hewa ikageuka kuwa ya kununua kalipa nzima, yaani kile kishikio kinachobana pedi kwenye diski.

Hakuna njia ya kuikwepa gharama hiyo, kwa maana tangu 1960 serikali ya Uingereza imelazimisha ukaguzi wa magari ujulikanao kama MOT, ambao mwanzoni ulihusu magari yaliyotimiza miaka kumi na sasa hulikuta gari la kawaida likiwa na miaka mitatu tu, kila mwaka, kwa ada isiyozidi pauni 54.85. Mkaguzi hakubali kuambiwa kwamba breki inashika ukiizoea.

Basi jamaa wa Eastlands wanaombwa mambo mawili. Mwenye kopo la mafuta ya breki lililofunguliwa tangu Krismasi asilitumie tena, maana limekuwa likinywa maji muda wote huo. Na yeyote anayepanga kuja kutembelea ughaibuni asijisumbue kubeba unga, aje na viatu vizuri vya kukanyagia breki, kwani kazi inamsubiri.