Vikombe vya Wageni

Shangazi yangu wa Korogwe ana kabati la vioo, na ndani yake vikombe sita vyeupe vya udongo, kila kimoja na tawi la maua lililotuna ubavuni. Havijawahi kuonja chai. "Hivi ni vya Mwingereza," husema, "si feki za Kichina mnazookota gulioni Handeni."

Shikamoo, shangazi. Mwingereza wako, karne ya 18, alikosa usingizi akimwiga Mchina. Weupe huo ni wa Dehua, mkoani Fujian. Kiwanda cha Bow, London, kiliiga hadi tawi la maua, kikachanganya majivu ya mifupa kwenye udongo, kisha bila haya kikajiita New Canton, kwa jina la bandari ya Kichina. Vidau vyake vya wino vya 1750 vimeandikwa hivyo. Feki hiyo leo wakusanyaji wanaivalia glavu. Nao wazee wa Kunduchi, huku pwani yetu, karne hiyohiyo, walipachika sahani za Kichina, zenyewe hasa, kwenye makaburi, zinyeshewe mvua.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. Akafunga kabati kwa ufunguo, akanimiminia chai kwenye kile cha plastiki, kilichovunjika mkono.