Vifaranga Wanaota Moto, Baba Anatetemeka

Nyumbani kwangu, mwezi wa Julai ni wa vifaranga. Sisi binadamu tunavumilia. Usiku upepo wa Singida unagonga bati kama mgambo anayedai ushuru, na blanketi tuliyo nayo ni moja na nusu: ile nusu ni ya mama watoto, na ile moja pia ni yake. Chumba cha pili, ambacho zamani nilikiita ofisi, sasa kina waheshimiwa. Wamening'iniziwa bruda ya gesi juu ya vichwa na wana mtungi wao wa kilo 15. Wiki ya kwanza wanatakiwa wapate nyuzijoto 32 hadi 35, halafu wanapunguziwa kama nyuzi tatu kila wiki, taratibu, wasije wakashtuka. Mimi nikiomba maji ya moto ya kuoga naulizwa kama naumwa.

Ningenyamaza, maana kuku wa Singida ndiye anayelipa ada hapa nyumbani, na mlipa ada hasemwi vibaya. Lakini bruda yenyewe ikaanza kuugua. Ule wavu wake wa chuma unaotakiwa kuiva mwekundu kote ukawa na mabaka meusi. Moto ukageuka wa njano, ukatoa ndimi ndefu, masizi yakapanda mpaka darini. Vifaranga wakajikusanya kona moja wakilia, na mimi nikaamriwa nitafute dawa usiku huo huo.

Mtaani kwetu gesi ikisumbua kila mtu ni mtaalamu. Mwenye duka akasema mpira ndio umechoka, na bahati nzuri anao mpya. Jirani akasema gesi imechakachuliwa. Nchi hii hata mvua ikichelewa kuna atakayesema imechakachuliwa. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kununua mtungi hata wa kilo sita, akashauri tuulaze chini ili gesi "ishuke vizuri". Ndani ya mtungi gesi imekaa kama maji, na juu ya maji hayo ndipo ulipo mvuke unaotakiwa kutoka. Ukiulaza, yale maji ndiyo yanayokimbilia kwenye mpira, na yakifika nje yanavimba kuwa mvuke mara 250 hivi. Tungepata joto la kutosha ukoo mzima, na mazishi juu yake.

Mwisho akaja fundi. Alikuwa na sindano ya kushonea viatu. Akachokonoa jeti, kile kitundu kidogo cha shaba kinachotemea gesi, akapokea hela yake akaondoka. Moto ukazidi kuwa mrefu, na njano yake ikaiva kama embe la Muheza.

Aliyenikomboa ni binti wa jirani anayesoma kidato cha kwanza, aliyekuja kuomba chumvi. Akautazama moto ule kwa dharau ambayo shule zetu zinafundisha vizuri kabisa, akasema: "Baba, moto huu hauna hewa." Kumbe mada ya vyanzo vya joto na aina za moto imo kwenye Kemia ya kidato cha kwanza. Na mimi nilikaa kwenye darasa hilo hilo, nikichora katuni za mwalimu!

Mambo yako hivi. Gesi ikitoka kwenye jeti kwa kasi, inavuta hewa kupitia matundu ya pembeni, inachanganyika nayo ndani ya bomba, ndipo inafika kwenye wavu na kuwaka. Lita moja ya mvuke wa propani inataka lita 24 hivi za hewa. Butani inataka zaidi ya 30. Kwa hiyo tunachokiita moto wa gesi, kwa sehemu kubwa ni hewa. Ikitosha, moto unakuwa wa bluu, mfupi, mkali. Ikipungua, kaboni inakosa wa kuungana naye, inang'aa njano, kisha inapanda darini kuitwa masizi. Robert Bunsen alilijua hili huko Heidelberg mwaka 1855. Fundi wangu bado hajapata taarifa. Kwa kukipanua kile kitundu aliongeza gesi na kuiacha hewa vilevile, halafu akanidai na nauli.

Binti akasugua matundu ya hewa kwa mswaki mzee. Likatoka vumbi la pumba, manyoya, na buibui na familia yake yote, waliokuwa wakiishi humo bila kodi. Tukanunua jeti nyingine na wavu ukaiva.

Kinachoniudhi ni hiki: tuko Singida! Mkoa ambao upepo wake umesemwa miaka na miaka kwamba utazalisha umeme, jiko linakosa hewa! Ni kweli tuko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo jiko lililotegwa kwa pwani huku linaweza kuhema. Lakini kosa kubwa ni letu. Baridi ikija tunaziba dirisha kwa magunia, mlango kwa matambara, kisha tunawasha moto ndani. Hewa ikiisha, moto unaanza kutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi ya mtungi imetiwa harufu makusudi ili ikivuja tushtuke. Hii nyingine haimshtui mtu. Jiko la mkaa nalo linaitoa kwa wingi, ndiyo maana kuna wanaolala nalo wasiamke.

Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Naunga mkono. Mitungi inagawiwa, picha zinapigwa, makofi yanapigwa. Basi kila mtungi uende na mtu wa kueleza yale matundu ya hewa ni ya nini. Kidato cha kwanza anatosha.

Nanyi wafugaji wenzangu, acheni uwazi juu ya dirisha hata kama upepo unauma. Moto ukiwa wa njano, fungeni gesi kwenye mtungi, subirini jiko lipoe, sugueni matundu. Na fundi akija na sindano, mpeni viatu ashone.