Bastola ya Yuan Nane

Katika masoko ya jumla ya Guangzhou, kelele zikizidi, muuzaji hapandishi sauti kutaja bei. Ananyanyua mkono. Mgeni kutoka Kariakoo anaona kidole gumba na cha shahada vimenyooshwa, vitatu vilivyobaki vimekunjwa, na mkono wenyewe umemwelekea yeye. Kwao watoto huchezea polisi na mwizi kwa mkono huohuo. Kumbe ni nane.

Wachina huhesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja. Moja hadi tano hazina tabu. Kuanzia sita ndipo watu wanapopoteana. Sita ni gumba na kidole cha mwisho, ishara ambayo Dar es Salaam maana yake ni "nipigie". Saba ni ncha za vidole vitatu zilizobanwa pamoja, mkono wa mtu anayemega tonge, na mteja aliyeamka bila kifungua kinywa anaweza kudhani amekaribishwa. Dada mmoja aliyefuata pochi za watoto alionyeshwa sita, akafurahi kwamba muuzaji anataka mawasiliano ya kudumu, akaomba kalkuleta na kuandika namba yake ya simu. Muuzaji akaitazama. Pochi ya yuan sita ilikuwa imepata mteja wa yuan milioni mia saba na ushee. Alicheka mpaka akawaita wenzake wa vibanda vya jirani waje kushuhudia, kisha akampa dada huyo kigoda, maji ya moto na punguzo la bei.

Kalkuleta hiyo ndiyo mkalimani mkuu wa mji. Mwanaisimu wa Ghana, Adams Bodomo, aliyetoa kitabu juu ya Waafrika walioko China mwaka 2012, ameyaandika majadiliano haya ya kupokezana kalkuleta kama njia halisi ya mawasiliano. Muuzaji anaandika 35. Mteja anafuta, anaandika 15. Muuzaji anashika kifua, anaandika 32. Mteja anageuka kuondoka, anaitwa. Hakuna neno lililotamkwa, na tayari watu wawili wamegombana, wamenuniana na kupatana. Mtanzania anayekumbuka vita vya kikokotoo cha mafao ya wastaafu vya mwaka 2018 atashangaa kukuta kikokotoo kinacholeta maelewano.

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wana sababu zao za kuwa pale. Maonyesho ya Canton yamekuwa yakifanyika mjini humo tangu 1957, mara mbili kwa mwaka, majira ya Aprili na Oktoba, na hoteli hupandisha bei ya vyumba siku hizo bila haya. Wasiofuata maonyesho hufuata masoko yenyewe: nguo karibu na stesheni kuu ya reli, mikoba na vipodozi kule Sanyuanli. Jioni wanarudi Xiaobei, mtaa ambao Kiswahili cha Kariakoo, cha Eastleigh na cha Lubumbashi hukutana mlangoni mwa lifti na kila kimoja kikaona vingine vimeharibika.

Kabla ya safari ya kwanza, kila jirani huwa mtaalamu wa China. Utalishwa nyoka, utalishwa chura, beba maharage. Mtu huondoka Dar akiwa amejiandaa kwa nyoka. Akifika anaona miguu ya kuku kwenye vikapu vya mianzi vinavyofuka mvuke, na hashtuki, maana Manzese imekuwa ikikaangwa kando ya barabara tangu hajazaliwa. Maajabu hayamwangushi mtu kwa sababu anayaendea kwa tahadhari. Anaangushwa na vile alivyobeba kichwani akidhani ni vilevile dunia nzima: kuhesabu, kusoma saa, kunywa chai, kupima nguo.

Begi nalo lina kesi zake. Forodha ya China hairuhusu abiria kuingia na nyama wala matunda mabichi, hivyo nyama ya kukaushwa iliyofungwa kwa upendo ndani ya gazeti, mfuko, na gazeti tena, huishia kwenye pipa la uwanja wa ndege wa Baiyun. Ofisa anavaa glavu kabla ya kuishika, jambo ambalo mwenye nyama hulichukulia kama tusi. Kifurushi cha hatari zaidi ni kile cha rafiki wa binamu, anayetokea dakika za mwisho na kusema, "Nipelekee tu, mama, ni nguo za mtoto." Sheria ya jinai ya China inaruhusu adhabu ya kifo kwa anayeingiza gramu 50 tu za heroini, na wazoefu wa njia hii hawana utani na hilo. Mama ambaye mtaani anajulikana kwa kuvua hata kitenge alichojitanda ampe mwenzake, siku hiyo anakuwa kiziwi. Anasalimia, anauliza hali za nyumbani, anawaombea wote heri, na kifurushi hakioni.

Akitoka nje ya uwanja, simu inakufa bila kuzimika. WhatsApp imefungwa China tangu 2017. Facebook na Google zilitangulia zamani. Nyumbani wanaona tiki moja ya kijivu na kuanza kuitana kikao cha ukoo. Dawa ni WeChat, ambayo ndiyo simu, pochi na daftari la madeni la mji mzima. Hata muuza viazi vya kuchoma ameutundika msimbo wake kwenye mkokoteni, na ukimpa noti ya mia anaitazama kama mtu aliyepewa hati ya shamba. Ila kufungua akaunti mpya mara nyingi kunadai mtumiaji wa zamani akudhamini kwa kuskani msimbo wako, na udhamini huo una mgawo: akishamsaidia mtu mmoja, inabidi mwezi upite ndipo aweze kumsaidia mwingine. Tanzania mdhamini hutafutwa kwa barua ya serikali ya mtaa. Pale Xiaobei, kijana wa mgahawa wa tambi za Lanzhou anamwona mwanamke mwenye mtandio akihangaika na simu, anafuta unga mikononi kwa aproni, anaskani, anarudi kuvuta tambi. Mgawo wake wa mwezi umeondoka na mtu ambaye hata supu hajaagiza.

Saa ndiyo mtego mkubwa. Guangzhou iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa tano, na hilo msafiri amelikariri tangu nyumbani. Anachosahau ni zile saa sita nyingine anazozibeba kila Mswahili, ambaye siku yake huanza jua linapochomoza. Mama mmoja anayeuza marumaru alikubaliana kwa ujumbe na kiwanda cha Foshan kwamba dereva angemfuata kesho yake saa 2. Saa 2 kamili asubuhi alikuwa mlangoni mwa hoteli, amejipaka mafuta, mkoba begani. Mlinzi, mzee wa makamo katika koti la sare lililomzidi mabega, akamwangalia. Baada ya nusu saa akamletea kiti cha plastiki. Saa 4 akamletea maji ya moto kwenye kikombe chake mwenyewe cha chuma, chenye mfuniko. Saa 6 akaketi naye, akafungua boksi lake la wali, akahamishia nusu yake, pamoja na mboga za majani na mayai, kwenye mfuniko wa boksi na kumsogezea. Hawakuwa na lugha hata moja ya kushirikiana. Mama akala, akamwonyesha picha za wajukuu. Mzee naye akatoa simu akaonyesha wake. Dereva alifika karibu saa 8 mchana, yaani saa mbili kwa hesabu ya huko, akiwa amewahi kwa dakika tano na akitegemea kusifiwa.

Kuhusu hayo maji ya moto: tangu kampeni za afya za miaka ya 1950, Wachina wengi wamelelewa kuamini kwamba maji ya kunywa ni yale yaliyochemka, na yanywewe yakiwa bado na joto. Mafua, tumbo, uchovu wa safari, kontena lililokwama bandarini, tiba ni moja. Mtu wa pwani aliyetembea sokoni kutwa anatamani maji baridi yenye jasho nje ya chupa, na analetewa bilauri inayofuka. Akikataa, analetewa yenye moto zaidi, kwa huruma.

Mezani kuna mtihani mwingine. Mgeni akialikwa chakula na mwenye kiwanda, chai huletwa kwanza pamoja na vibakuli, vikombe na vijiti. Watu wa Guangzhou huimimina chai hiyo ya kwanza kwenye vibakuli na kusuuzia vyombo. Mgeni aliyelelewa Tanga, akiona bakuli limejazwa chai mbele yake, anafanya alichofundishwa na bibi yake: anasema bismillahi na kunywa. Halafu anaona mwenyeji anagonga meza kwa vidole viwili kila anapomiminiwa kikombe, akadhani bosi amechoka na bei za mjadala zimemkera. Kumbe ndivyo wanavyoshukuru kule. Kuna hadithi kwamba mfalme Qianlong alisafiri kwa kujificha, akammiminia chai mtumishi wake, na mtumishi, asiweze kupiga magoti hadharani, akavipigisha magoti vidole. Iwe kweli isiwe kweli, mfanyabiashara wa Kariakoo akishaijua tabia hiyo huondoka nayo, na mkewe humuuliza kwa nini anagonga meza kila akiletewa chai.

Wanaolala kwa rafiki badala ya hoteli wana safari ya polisi. Sheria iliyoanza kutumika Julai 2013 inamtaka mgeni ajiandikishe ndani ya saa 24, na mwenye nyumba akiwa amesafiri, anayekwenda kukutetea dirishani huwa ni jirani wa chini, yule uliyedhani anakuchukia kwa sababu ya harufu ya vitunguu.

Si kila kitu Guangzhou ni cha kuchekea. Aprili 2020, katika hofu ya korona, Waafrika wengi walifukuzwa kwenye vyumba walivyolipia kodi, hoteli zikawakataa, wengine wakalala nje. Mabalozi wa nchi za Afrika mjini Beijing waliiandikia barua Wizara ya Mambo ya Nje ya China. Wapo wakazi wa mji, Wachina wakiwamo, waliowapelekea chakula waliolala barabarani. Yote mawili yalitokea katika wiki hizohizo, na anayesimulia moja tu anasimulia nusu.

Ijumaa mambo hupoa. Msikiti wa Xianxian, ambao mapokeo ya Waislamu wa China yanauhusisha na kaburi la sahaba Saad bin Abi Waqqas, hujaa watu wa kila kofia, na nje yake Wahui na Wauighuri huuza mishikaki ya kondoo, mikate na pilau ya karoti. Mpemba akiionja hunyamaza kidogo, kwa adabu, halafu huuliza mdalasini umekwenda wapi.

Ajali ya kalenda inazishinda zote. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, kwa kufuata mwezi, kwa hiyo hauonekani kwenye kalenda iliyotundikwa dukani Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kaka mmoja alipanga safari yake mwezi huo kwa kuwa tiketi zilikuwa rahisi; hakujiuliza urahisi huo umetoka wapi. Alikuta mageti yameshushwa soko hadi soko. Wafanyakazi wa viwandani walikuwa wamerudi kwao Hunan na Sichuan na wasingeonekana kwa majuma kadhaa, wakati viza yake ilikuwa ya siku 30. Juu ya hayo kulikuwa na baridi, na nyumba nyingi za kusini hazina mitambo ya kupasha joto, kwa hiyo alilala na suruali mbili katika mji aliouendea na shati la mikono mifupi.

Asubuhi ya sikukuu, mama mwenye nyumba ya wageni alimkabidhi bahasha nyekundu kwa mikono miwili. Mtanzania anaijua bahasha. Bahasha ina jambo nyuma yake. Kaka akapiga hesabu ya siku alizokaa, akadhani ni ankara ya kistaarabu, akaongeza yuan 100 ndani bila hata kuchungulia, akairudisha, naye kwa mikono miwili. Mama akapiga ukelele, akaleta bahasha mbili. Kaka akaona deni limekua, akatoa yuan 200. Mzunguko ulikwisha pale binti wa mapokezi alipochukua simu yenye programu ya kutafsiri, akaongea nayo kwa ukali, akamwonyesha kioo kilichosema kwa Kiingereza chake: anakupa bahati, acha kulipa. Ndani ya bahasha ya kwanza kulikuwa na yuan 10. Jioni hiyo alilishwa mezani na ukoo mzima, samaki akiwa amelazwa kichwa kikimwelekea yeye mgeni, na kila alipomaliza kipande alipewa kingine, mpaka akajifunza kuacha chakula kwenye bakuli ili waridhike kwamba ameshiba.

Viwanda vilipofunguliwa alibakiwa na siku chache tu, na kwa haraka hiyo akanunua magauni kwa herufi bila kuyapima: XL na XXL, nusu kwa nusu, akilenga wateja wake wa Mtaa wa Kongo, ambao Mungu amewajalia. Mzigo ulipofika na kufunguliwa, XXL ya Guangzhou ilimtosha binti wa kidato cha pili, tena akiwa hajala. Wateja waliyajaribu, wakakwama mabegani, wakalazimika kuvuliwa na watu wawili. Alikaa nayo juma zima akitukana kila kiwanda, halafu akayatundika upya upande wa watoto, zikiwa zimebaki siku kumi Idi ifike. Yaliisha. Safari iliyofuata aliagiza yaleyale, idadi mara mbili, na mwenye kiwanda, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi wa kurudishiwa mzigo, alimwagizia chai.