Povu Limegoma

Gari limesogezwa, bomba limefunguliwa, na kinachotoka ni maji matupu. Bosi wa kituo cha kuoshea magari ana jibu tayari: sabuni ni feki. Dumu linabadilishwa, povu bado. Basi muuzaji ni tapeli, atafutwe mwingine. Bado. Sasa anasakamwa kijana wa zamu, ambaye kosa lake ni kusimama karibu.

Mashine yenyewe ya povu haina uchawi. Maji ya presha hupita kwenye shingo nyembamba, yakaongeza kasi, msukumo wake ukashuka pale, na sabuni ikanyonywa kutoka kwenye dumu kupitia mpira mwembamba. Mwitaliano Giovanni Battista Venturi alichapisha habari hizo mwaka 1797, kwa hiyo bosi wetu amepewa muda wa kutosha kuzisoma. Mpira ukipata ufa wa unywele, unavuta hewa. Chujio la mwisho wa mpira likizibwa na sabuni iliyoganda, hauvuti chochote.

Lakini kusuuza chujio kwa maji ya uvuguvugu ni kazi isiyo na hadhi. Heshima iko kwenye kununua pampu mpya. Fundi naye hapingi (nani aliwahi kujenga nyumba kwa kusuuza machujio?).

Halafu wapo wanaoongeza maji kwenye dumu ili sabuni ifike mwisho wa mwezi, kisha wanauliza povu limekwenda wapi. Hao hawahitaji fundi. Wanunue sabuni.